Barua za Wasomaji: Tozo za Kuingia Mjini, Kamera na Hasira za Madereva

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna miji mingi inavyoweka kanda ambazo dereva hulipia ili aingie, au huzuiwa kupita baadhi ya barabara kwa saa fulani, kwa lengo la kupunguza foleni na moshi. Barua zilizotufikia baada ya hapo zilikuwa nyingi kuliko tulivyozoea kwa mada moja, na nyingi zimeandikwa kwa uchungu. Tumechagua sita. Baadhi nimezijibu kwa kirefu na nyingine kwa maneno machache, kadiri swali lenyewe lilivyohitaji. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi bomba. Gari langu ni la mizigo, la dizeli, la zamani, na nyuma yake mna mashine ya kuzibulia mitaro, mabomba ya mita 3, spana na sanduku la koki. Ninaambiwa niliache nipande basi. Nitapandaje basi na bomba la mita 3? Nikilipa tozo kila siku, faida yangu inaishia hapo. Je, hii si kodi ya maskini?

Ndugu fundi, sitakuambia upande basi. Anayemwambia hivyo mtu wa kazi yako hajawahi kumwona akishusha vyombo vyake mlangoni kwa mteja. Malalamiko yako ni ya haki, na ingefaa yasikilizwe peke yake, kwa maana mara nyingi hutiwa kapu moja na ya mtu mwenye gari jipya na kituo cha treni mtaani kwake, ambaye hataki tu kusumbuliwa.

Tazama yaliyotokea London. Tozo ya msongamano ilianza huko tarehe 17 Februari 2003, kwa pauni 5 kwa siku, katika eneo dogo la katikati ya jiji ambako treni za chini ya ardhi na mabasi yalikuwa tayari yanapita kila baada ya dakika chache. Manung'uniko yalikuwapo, lakini yalitulia. Ukanda wa pili, unaojulikana kwa kifupi kama ULEZ, ni wa namna nyingine. Wenyewe hautozi kila gari, bali lile ambalo injini yake inatoa moshi mwingi, yaani kwa kawaida gari la petroli lililo chini ya kiwango cha Euro 4 na la dizeli lililo chini ya Euro 6 (hivi ni viwango vya Ulaya vya moshi wa magari, na namba ikipanda moshi unaoruhusiwa hupungua), na tozo yake ni pauni 12.50 kwa siku. Ulianza katikati ya jiji mwaka 2019, ukapanuliwa mwaka 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 ukafikishwa hadi kwenye mipaka ya jiji zima, yaani hadi vitongoji vya mbali ambako basi hupita kwa nadra na watu wengi hutegemea gari kufika kazini. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Ukichunguza moto huo utaona kwamba kwa wengi haukuhusu kama hewa safi ni jambo jema au baya. Ulihusu mambo ambayo mpanga mipango aliye ofisini huyaona kuwa madogo. Chukua muuguzi wa zamu ya usiku. Siku ya tozo huhesabiwa kuanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku inayofuata. Muuguzi mwenye gari la zamani anayekwenda kazini saa 2 usiku na kurudi nyumbani saa 2 asubuhi ameendesha ndani ya siku mbili za tozo, basi kwa zamu moja hudaiwa pauni 25, ilhali mwenzake wa zamu ya mchana, mwenye gari la aina ileile, hudaiwa pauni 12.50. Hakuna aliyekaa kupanga kumwadhibu muuguzi huyo. Ni saa tu ilivyowekwa, lakini anayelipa ni yeye.

Au chukua fundi kama wewe. Jiji lilitenga fedha za kuwasaidia watu kuachana na magari ya zamani, pauni milioni 110 mwanzoni, zikaongezwa hadi milioni 160 wiki chache kabla ya upanuzi. Mwanzoni msaada huo ulikuwa wa wenye kipato cha chini, watu wenye ulemavu na biashara ndogo, na ni tarehe 21 Agosti, siku 8 tu kabla ya upanuzi kuanza, ndipo ulipofunguliwa kwa kila mkazi wa jiji. Fundi aliyeishi ng'ambo kidogo ya mpaka, katika wilaya jirani, lakini mwenye wateja wake wote ndani ya jiji, hakustahili kupata chochote. Alitozwa sawa na mkazi, na katika msaada akahesabiwa mgeni. Sishangai kwamba miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu kuupinga mpango huo ilikuwamo halmashauri ya Surrey, ambayo iko nje ya London kabisa. Mahakama ilitupilia mbali pingamizi hilo tarehe 28 Julai 2023, ikaona kwamba meya ana mamlaka ya kufanya alichofanya. Kuwa na mamlaka na kuwa na mpango mzuri ni mambo mawili tofauti.

Je, ni kodi ya maskini? Kwa jinsi nionavyo, ukanda wenyewe si kodi ya maskini, kwa kuwa maskini zaidi mjini mara nyingi hawana gari kabisa, na ndio wanaopanga vyumba kando ya barabara kubwa na kuvuta moshi wake usiku na mchana. Hugeuka kuwa kodi ya mtu wa kazi pale mamlaka inapotanguliza tozo na kuchelewesha msaada. Kwa hiyo, fundi, unapokwenda kwenye mkutano wa halmashauri yenu, usiseme tu kwamba hutaki. Dai msamaha wa miaka kadhaa kwa magari ya kazi, dai fedha ya kubadilishia gari ambayo kweli inatosha kununua gari linalokubalika, na dai vyote viwili viwepo kabla kamera haijawashwa. Na jambo moja la upande wa pili ulipime kwa haki: fundi halipwi akiwa kwenye foleni. Barabara ikifunguka ukamhudumia mteja mmoja zaidi kwa siku, hesabu yako itabadilika. Wenye magari ya kazi ni miongoni mwa watu wanaofaidika zaidi msongamano ukipungua, mradi wavushwe salama katika miaka ya mwanzo.

Bwana Mhariri, jirani yangu ananiambia kanda hizi ni maandalizi ya kutufungia watu mitaani mwetu, tusiruhusiwe kutoka bila kibali. Anasema Oxford imeshaanza. Yeye na wenzake wanazungumzia kuvunja kamera. Nimwambie nini?

Mwambie kwanza yaliyotokea Oxford, mji wa Uingereza, kwa sababu hofu yake imetokana na mambo mawili ya kweli yaliyochanganywa. Novemba 2022 halmashauri ya mkoa ulimo mji huo iliidhinisha majaribio ya kuweka kamera katika sehemu 6 za barabara, ili magari binafsi yasipite hapo kwa saa fulani bila kibali, na wakazi wapewe vibali vya kupita siku 100 kwa mwaka. Wakati huohuo halmashauri ya mji, ambayo ni chombo kingine, ilikuwa ikijadili mpango wa ujenzi uliotumia wazo la "mji wa dakika 15", linalohusishwa na Carlos Moreno, profesa wa Sorbonne, ambalo maana yake ni kwamba duka, shule na zahanati viwe karibu kiasi cha mtu kuvifikia kwa miguu au kwa baiskeli ndani ya dakika hizo. Watu waliunganisha mawili hayo, wakapata jambo la tatu lisilokuwapo, yaani kwamba mtu atazuiwa kutoka mtaani kwake. Februari 2023 maelfu ya watu waliandamana mjini humo, wengine wakiwa wametoka mbali. Ukweli ni kwamba kila mtaa ungeendelea kufikika kwa gari kila siku, isipokuwa dereva asiye na kibali angelazimika kuzunguka kwa barabara ya nje ya mji. Mtembea kwa miguu, mpanda baiskeli na abiria wa basi wasingeulizwa lolote.

Hata hivyo, usimcheke jirani yako. Watu walikuwa wametoka tu katika miaka ya janga la korona, walipokatazwa kweli kutoka nje, na katika miezi hiyohiyo ya mwaka 2020 baadhi ya halmashauri ziliweka vizuizi mitaani kwa kasi, zikitumia taratibu za dharura, na mkazi aliamka akakuta ndoo kubwa za maua zimeziba njia aliyopita miaka 20. Mtu aliyetendewa hivyo hana sababu ya kuamini karatasi inayofuata. Kuna pia swali halali ndani ya hofu yake: picha za namba za magari zinazopigwa na kamera zinahifadhiwa kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama? Swali hilo aliulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Kuhusu kuvunja kamera, mwambie aache. London kamera nyingi zilikatwa na kuharibiwa mwaka 2023, na ukanda haukusimama hata siku moja. Ufaransa, wakati wa vuguvugu la vizibao vya njano lililoanza Novemba 2018 kwa hasira ya kodi ya mafuta, baada ya hasira nyingine ya kushushwa kwa kasi hadi kilomita 80 kwa saa katika barabara za mashambani, waziri wa mambo ya ndani alisema kamera za mwendo karibu 6 kati ya kila 10 zilikuwa zimeharibiwa. Zilirudishwa kwa fedha za umma, na za kwenu zikivunjwa, fedha hizo zitakuwa pamoja na za jirani yako.

Mhariri, kwa nini wasitumie njia iliyo ya haki kwa wote, kila mtu apumzishe gari siku moja kwa wiki kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake? Tajiri na maskini wote sawa.

Inasikika kuwa ya haki, nami niliwahi kuipenda. Jiji la Mexico lilianza utaratibu huo Novemba 1989. Kilichotokea ni kwamba mwenye uwezo alinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi gari chakavu lenye moshi mwingi kuliko la kwanza, akaendesha siku zote 7. Mchumi Lucas Davis alipochambua vipimo vya hewa vya jiji hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, hakuona ushahidi kwamba hewa ilikuwa imeboreka, ila aliona magari yaliyosajiliwa yameongezeka. Kwa siku chache za dharura, moshi unapozidi kiasi, utaratibu wa namba unaweza kusaidia. Ukiwa wa kudumu, tajiri hupata njia ya kuukwepa na maskini hubaki nao.

Ndugu Mhariri, kinachoniudhi zaidi si tozo bali kutoulizwa. Mambo makubwa namna hii kwa nini yasipigiwe kura? Au wanajua tutakataa?

Umesema kweli: mara nyingi wanajua mtakataa. Edinburgh iliuliza wakazi wake Februari 2005, na karibu robo tatu ya waliopiga kura walisema hapana. Manchester na miji inayoizunguka iliuliza Desemba 2008, na karibu wapiga kura 4 kati ya kila 5 wakakataa, pamoja na kwamba mpango huo ulikuwa umefungamanishwa na mabilioni ya pauni za kuboresha usafiri wa umma. Baada ya matokeo hayo wanasiasa wengi walijifunza kutouliza, na mimi naona walijifunza somo baya.

Mji wa kutazama ni Stockholm, nchini Sweden. Hata huko mambo yalianza vibaya, kwa maana Annika Billström aliingia kwenye uchaguzi wa mwaka 2002 akiahidi kwamba hakutakuwa na tozo ya msongamano, kisha baada ya kushika uongozi wa jiji akageuka. Watu walighadhibika, na walikuwa na haki. Lakini hatua zilizofuata zilipangwa kwa hekima. Agosti 2005 yaliletwa mabasi mapya 197 na njia mpya 16. Tozo yenyewe ilianza tarehe 3 Januari 2006, miezi kadhaa baadaye, kwa majaribio ya miezi 7 tu, ikazimwa tarehe 31 Julai. Ndipo Septemba ileile wakazi wakaitwa kupiga kura.

Fikiria maana ya mpangilio huo. Mkazi alipewa basi kwanza, akaonjeshwa barabara yenye tozo, akarudishiwa barabara isiyo na tozo, kisha akaulizwa anataka ipi. Magari yaliyokuwa yakivuka kuingia eneo la tozo yalikuwa yamepungua kwa takriban 1 kati ya kila 5, na upungufu huo, ambao kwa hesabu unaonekana mdogo, uliondoa sehemu kubwa ya foleni. Barabara iliyojaa ni kama mlango ambao watu wote wanautaka kwa pamoja: wakipungua wachache, waliobaki hupita bila kusukumana. Tozo ilipozimwa foleni zilirudi, na kila mtu aliziona. Kabla ya majaribio wengi walikuwa wakipinga. Katika kura, waliounga mkono walishinda kwa tofauti ndogo, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Mtafiti Jonas Eliasson, aliyefuatilia jambo hilo kwa karibu, alieleza kitu kinachonigusa hadi leo: wengi waliobadili mawazo hawakukumbuka kwamba waliwahi kupinga. Wengine waliamini wameunga mkono tangu mwanzo.

Nisikufiche kwamba hata Stockholm kura ilikuwa na dosari. Kadhaa ya miji midogo ya jirani, ambayo watu wake huingia jijini kila siku kufanya kazi, ilipiga kura zake yenyewe na kukataa, na matokeo hayo hayakuzuia chochote. Göteborg, mji mwingine wa Sweden, ulianzisha tozo Januari 2013, ukauliza watu Septemba 2014, watu wakakataa kwa asilimia 57, na tozo ikabaki, kwa sababu fedha zake zilikuwa zimekwisha kuahidiwa kwa ujenzi wa reli na barabara. Kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake limeshauzwa ni dharau, na mimi ningekasirika pia. Milano kwa upande wake iliuliza Juni 2011, karibu wapiga kura 4 kati ya 5 wakakubali, na Januari 2012 ukanda ukaanza. Watu wa Milano walikuwa wameshaishi na tozo nyepesi ya moshi tangu mwaka 2008, basi hawakuwa wakipigia kura kitu wasichokijua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba muulizwe, lakini muulizwe baada ya kuonja. Kura inayopigwa kabla hupima hofu tu. Na mamlaka isiyouliza kabisa hupata jibu lake kwa mlango mwingine. Julai 2023, wiki chache kabla ya upanuzi wa ULEZ, uchaguzi mdogo wa ubunge ulifanyika Uxbridge, kwenye vitongoji vya magharibi mwa London, na mgombea aliyefanya upinzani wa ukanda kuwa hoja yake kuu alishinda kwa kura 495. Mwaka uliofuata Meya Sadiq Khan, aliyeupanua ukanda huo, alishinda muhula wa tatu. Hivyo hata sauti ya wapiga kura si moja. Inategemea unamuuliza nani, wapi na lini. New York nako gavana Kathy Hochul aliusimamisha mpango wa tozo Juni 2024, siku 25 kabla ya kuanza, akihofia mzigo kwa wananchi, kisha akaurudisha kwa dola 9 badala ya 15, na ukaanza tarehe 5 Januari 2025. Ufaransa, ambako kanda za magari ya moshi ziliwekwa kwa amri ya sheria ya nchi nzima, wabunge wa Bunge la Taifa walipiga kura Mei 2025 kutaka zifutwe, na waliopiga kura hiyo walitoka pande zisizopatana kwa jambo jingine lolote. Hoja yao ilikuwa ileile ya fundi wetu wa barua ya kwanza.

Mhariri, nina duka mtaani ambako wanataka kuzuia magari kupita. Wateja wangu huja kwa gari. Wakizuia, nitafunga.

Hofu yako naielewa, kwa maana wewe huwezi kuhamisha duka lako kama dereva anavyohamisha njia yake. Lakini naomba ufanye jambo moja kabla ya kusaini pingamizi: kwa wiki moja, kila mteja anapolipa, muulize amefikaje, na uandike. Mwaka 2006 wenye maduka katika mji wa Bristol waliulizwa wanadhani wateja wangapi huja kwa gari, wakasema asilimia 41. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa asilimia 22. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Mteja wa gari hulalamika kuhusu maegesho, akasikika. Anayekuja kwa miguu hulipa na kuondoka kimya.

Groningen, nchini Uholanzi, mwaka 1977 iligawa katikati ya mji sehemu 4, gari likawa haliwezi kutoka sehemu moja kwenda nyingine isipokuwa kwa kurudi barabara ya mzunguko. Wafanyabiashara walipinga kwa nguvu. Leo ni mji unaojulikana kote kwa baiskeli, na katikati yake pana maduka na watu. Sisemi kwamba hakuna duka lililoumia. Yanayouza vitu vizito, kama samani au vipuri, huathirika kweli, na kipindi cha ujenzi humwumiza kila mtu. Ikiwa duka lako ni la namna hiyo, shikilia madai mawili: saa maalumu za kupakia na kushusha mizigo kila asubuhi, na nafuu ya kodi ya jengo kwa miezi yote ambayo barabara itakuwa imechimbuliwa.

Ndugu Mhariri, mimi sina gari. Mtoto wangu ana pumu, na tunaishi kando ya barabara kubwa. Nimehudhuria mikutano mitatu kuhusu ukanda wa hewa safi, na kila mara aliyesimama kusema ni dereva. Nikinyosha mkono, muda umekwisha. Kwani mtoto wangu hahusiki?

Mama, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nimeiweka mwisho ili isifunikwe na nyingine.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa mtoto wa miaka 9 aliyeishi Lewisham, kusini mashariki mwa London, karibu na barabara ya South Circular, ambayo hujaa magari karibu saa zote. Alikuwa na pumu kali. Katika miaka yake ya mwisho alilazwa hospitalini karibu mara 30. Alifariki Februari 2013. Mama yake, Rosamund, hakukubali kwamba habari imeishia hapo. Alipigania uchunguzi mpya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho, uamuzi wa kwanza wa aina hiyo nchini Uingereza. Alieleza pia kwamba mama huyo hakuwa amepewa taarifa kuhusu hatari ya hewa ile, taarifa ambazo huenda zingemwezesha kuchukua hatua.

Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo huniumiza kila ninapolikumbuka. ULEZ ulipopanuliwa Oktoba 2021, mpaka wake ulipitishwa kwenye barabara hiyohiyo ya South Circular, na barabara yenyewe ikaachwa nje. Gari la moshi mwingi liliendelea kupita hapo bila tozo hadi Agosti 2023. Wanaopinga upanuzi walisema kwa haki kwamba vitongoji vya nje havikuwa tayari. Lakini kila ukanda ukiwa na mpaka, kuna watoto wanaolala juu ya mpaka huo, na magari yanayokwepa kuingia ndani huweza kuzunguka kwa kupitia kwao. Hilo ndilo pingamizi ambalo sijalisikia vya kutosha katika mikutano yote hii, nalo ni lako kulisema.

Moshi unaozungumziwa hasa ni hewa ya naitrojeni dayoksaidi, inayotoka kwa wingi kwenye injini za dizeli za zamani, pamoja na chembechembe ndogo zinazoingia hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka cha hewa hiyo kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo. Kifaa cha kuipimia kwa gharama nafuu ni kijibomba cha plastiki chenye urefu wa kidole hivi, kilichofungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine, ambacho hufungwa kwenye nguzo ya taa, kikaachwa hapo takriban mwezi mmoja, kisha kikapelekwa maabara. Halmashauri nyingi hutumia kifaa hicho, na vikundi vya wazazi katika miji kadhaa vimevifunga vya kwao.

Basi, mama, usisubiri kunyosha mkono. Peleka ombi lako kwa maandishi siku kadhaa kabla ya mkutano, ili liingizwe kwenye ajenda na lisomwe hata ukikosa nafasi ya kusema. Omba ramani ya mpaka unaopendekezwa, na ujue kama barabara yenu iko ndani, iko nje, au ndiyo mpaka wenyewe. Omba vijibomba vifungwe kwenye barabara yenu na kwenye lango la shule ya mtoto, kwa kimo cha pua ya mtoto iwezekanavyo, na vianze kupima angalau miezi 12 kabla ya ukanda kuanza. Bila kipimo cha kabla, hakuna atakayeweza kuonyesha baadaye kama hewa imebadilika kuwa njema au mbaya, si wewe, si halmashauri, wala si madereva wanaopinga.